Kwa nini sauti zangu nne zinasikika tupu?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunzi chipukizi wa nyimbo za kwaya. Sauti ya kwanza hunijia yenyewe, hata njiani, lakini nikiongeza sauti tatu zilizobaki wimbo unakauka. Nilimpelekea mwalimu mmoja wimbo wangu wa shukrani, akazungushia duara jekundu neno 'asante' katika mstari wa tatu na kuandika pembeni: 'tano sambamba'. Hakusema zaidi. Wenzangu wanasema hizo ni sheria za Wazungu, nisijali. Je, ni kosa kweli? Na mtu asiye na chuo aanzie wapi kujifunza harmonia na utunzi? Nimeambatisha solfa."

Marahaba, ndugu yangu. Nimeuimba mstari wako wa tatu sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kisha nikazipiga pamoja kwenye kinanda. Aliyechora duara ameona sawasawa. Alichokunyima ni sababu, na kanuni isiyo na sababu mtu huibeba kama gunia asilojua ndani mna nini. Basi tulifungue gunia hilo kwa kutumia neno lako lenyewe.

Umeandika hivi kwa solfa, yaani nota kwa herufi (d r m f s l t ni do, re, mi, fa, so, la, ti), d ikiwa ni nota ya G:

Soprano: l – s – s
Alto: f – r – m
Tenori: d – r – d
Besi: f – s – d

Silabi tatu, kordi tatu, yaani mafungu matatu ya nota zinazoimbwa pamoja: A, sa, nte. Ya kwanza ni kordi ya f, yaani f-l-d, na nota zote zimo. Ya tatu ni kordi ya d, yaani d-m-s, nayo imetimia. Sasa itazame ile ya katikati, pale penye "sa", silabi inayobeba mkazo wa neno zima. Ulitaka kordi ya s, ambayo ni s-t-r. Hesabu ulichoandika: besi s, tenori r, alto r, soprano s. Iko wapi t? Haipo. Nota ya kati ya kordi ndiyo inayoipa rangi, ndiyo inayoamua kama kordi ni angavu au ya huzuni. Ukiitoa, inabaki mifupa: s na r, s na r. Utupu unaoulalamikia umekaa hapo hapo, na sikio lako limeusikia kabla hujajua jina lake.

Ilipotelea wapi hiyo t? Besi ilipanda kutoka f hadi s. Tenori iliyokuwa umbali wa tano juu yake (hesabu f, s, l, t, d), kwenye d, nayo ikapanda hatua ileile hadi r. Zimetoka pamoja, zimefika pamoja, na umbali kati yao umebaki tano. Hizo ndizo tano sambamba. Alto iliposhuka ikamkuta tenori amekwisha kukaa kwenye r, ikakaa naye hapo hapo, na t ikakosa mwimbaji.

Sasa badilisha nota moja tu. Tenori asipande kwenda r, ashuke nusu toni, hatua ndogo kuliko zote, kutoka d kwenda t, halafu arudi d:

Soprano: l – s – s
Alto: f – r – m
Tenori: d – t – d
Besi: f – s – d

Imba. Besi inapanda, sauti tatu za juu zinashuka kumpisha, na kila mtu amefika mahali pake. Kordi imejaa, na tenori ambaye alikuwa mkia wa besi sasa ana wimbo wake: d, t, d. Huu ndio msingi wa jibu langu lote, na ningependa uushike kuliko kanuni nyingine yoyote nitakayoitaja: harmonia ya sauti nne ni nyimbo nne zinazokwenda pamoja. Unapotunga ukifikiria kordi kama matofali ya kupanga wima, utapata matofali. Ukiifikiria kila sauti kama mtu anayeimba kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari, kordi zitajitengeneza zenyewe kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini umbali wa tano, na si wa tatu? Hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya sauti yenyewe. Besi anapoimba nota yenye mitetemo 100 kwa sekunde, koo lake halitoi 100 peke yake. Linatoa pia 200, 300, 400, 500 na kuendelea, zikiwa zimefichwa ndani ya ile nota moja. Nota ya umbali wa tano juu yake ina mitetemo 150, kwa kuwa uwiano wa tano ni 2 kwa 3. Nayo inatoa 300, 450, 600. Unaona kwamba 300 na 600 zimo tayari ndani ya sauti ya besi. Ndiyo maana tano ni tamu na tulivu, na ndiyo maana sikio huimeza: linaichukua kama sehemu ya besi. Nota mbili zikisimama hivyo kwa mpigo mmoja hakuna tatizo, kila kordi iliyotimia ina tano ndani yake. Lakini zikianza kutembea pamoja, hatua kwa hatua, sikio linaacha kusikia watu wawili na kusikia besi mmoja mnene. Kwaya yako ya sauti nne inakuwa ya sauti tatu kwa muda mfupi, halafu ghafla inarudi kuwa nne. Ule mshtuko ndio kosa. Oktava sambamba, yaani umbali wa nane, kama kutoka d hadi d ya juu, ni vilevile, na mbaya zaidi, kwa sababu uwiano wake ni 1 kwa 2 na mmezo wake ni mkubwa zaidi. Tatu na sita, kwa upande wake, hazimezani kiasi hicho, kwa hiyo soprano na alto wanaweza kutembea kwa tatu mpigo baada ya mpigo na bado ukawasikia wote wawili.

Sasa wenzako wanaosema ni sheria za Wazungu. Wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili heshima. Ulaya yenyewe haikuanza na kanuni hii. Maandishi ya karne ya 9 yanafundisha waimbaji wa kanisa kuongeza sauti ya pili kwa kuifuata ya kwanza kwa umbali wa nne au wa tano, sambamba kabisa. Ni baadaye, kufikia karne ya 14, ndipo waandishi wa nadharia walipoanza kuikataza, kwa kuwa watunzi walikuwa wameanza kupenda sauti zinazojitegemea. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Claude Debussy akazirudisha tano sambamba kwa makusudi, kordi nzimanzima zikiteleza kama ukungu. Hapa kwetu, waimbaji wa Kigogo wa Dodoma wanaziimba kwa ustadi ambao hakuna chuo kitakachokufundisha, sauti zikifuatana kwa nne na tano, na hakuna mtu mwenye masikio anayeweza kusema kwamba muziki ule umekosewa. Ni mfumo mwingine, wenye mantiki yake.

Kwa hiyo ukitaka kutunga kwa mtindo wa Kigogo, tunga hivyo mstari mzima, wimbo mzima, na uwe umekaa na wenyewe ukajifunza. Lakini wimbo wako wa shukrani umeandikwa kwa mtindo wa kwaya ya sauti nne, na sehemu nyingine zote sauti zinajitegemea. Pale kwenye "asante" hukuchagua usambamba, ulikutokea tu. Mtunzi anahukumiwa kwa alichochagua.

Turudi hatua moja nyuma, kwa kuwa umeuliza pa kuanzia. Ngazi yetu ina d r m f s l t. Juu ya kila nota jenga kordi kwa kuruka moja na kuchukua moja: d-m-s, r-f-l, m-s-t, f-l-d, s-t-r, l-d-m, t-r-f. Kordi saba. Za d, f na s ni angavu, kwa sababu kutoka nota ya chini hadi ya kati kuna nusu toni 4, na kutoka ya kati hadi ya juu kuna 3. Za r, m na l ni kinyume chake, 3 kisha 4, ndiyo maana zina kivuli. Ya t ina 3 na 3, imebanwa, haiwezi kukaa mahali kwa raha.

Usizikariri kama orodha. Zifikirie kama mwendo wa msafiri. Kordi ya d ni nyumbani. Kordi ya f ni kutoka mlangoni na kuvuta hewa, na ile ya r humsaidia kazi hiyohiyo. Kordi ya s ni mtu aliyefika mbali na sasa anataka kurudi. Kinachomvuta arudi ni t, iliyo nusu toni tu chini ya d. Mwimbishe mtu yeyote d r m f s l t kisha unyamaze, uone kama hataimalizia d mwenyewe. Ukiongeza f juu ya kordi ya s, ikawa s-t-r-f, mvuto unazidi, kwa sababu f nayo iko nusu toni juu ya m na inataka kushuka. Nota mbili hizo, t na f, zimetengana kwa nusu toni 6, umbali usiotulia hata kidogo. Moja inapanda kwenda d, nyingine inashuka kwenda m, na msafiri amefika nyumbani. Sehemu kubwa ya muziki wa Ulaya kati ya miaka ya 1650 na 1900 inaendeshwa na injini hiyo ndogo. Kwa sababu t ina haraka namna hiyo, usiwape waimbaji wawili kwa wakati mmoja: wote wawili watataka kwenda d, na utakuwa umejitengenezea oktava sambamba.

Mwaka 1722 Mfaransa Jean-Philippe Rameau alichapisha kitabu cha harmonia ambacho athari yake bado tunaishi nayo. Alionyesha wazi kwamba d-m-s ni kordi ileile hata kama m ndiyo iko chini, au s. Leo linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalomkomboa besi. Nimetazama besi yako katika wimbo mzima: d, f, s, d, s, d, f, d. Kila kordi umeiweka kwenye mzizi wake, yaani nota inayoipa jina. Besi wako anaruka kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Jaribu hivi: soprano anaposhuka m, r, d, mpe besi apande d, r, m. Kordi ya kwanza ni d-m-s, ya pili ni t-r-f yenye r chini, ya tatu ni d-m-s yenye m chini. Wanapishana kama watu wawili kwenye ngazi, mmoja akishuka na mwingine akipanda, na mahali wanapokutana hapana mgongano. Kordi zenye mzizi chini zitunze kwa ajili ya kituo, pale wimbo unapotaka kukanyaga ardhi. Ile yenye nota ya tano chini, kwa mfano d-m-s yenye s chini, itumie kwa uangalifu: haina miguu, na kazi yake nzuri ni kutangulia kordi ya s mwishoni mwa mstari.

Ndiyo maana mimi huandika besi mara tu baada ya soprano, kabla ya alto na tenori. Sauti mbili za nje ndizo zinazosikika zaidi, zikiwa nzuri peke yake wimbo tayari umesimama. Halafu sauti za ndani zitembee kidogo iwezekanavyo. Nota iliyomo katika kordi zote mbili mwachie mwimbaji yuleyule aishikilie, wengine waende hatua ya karibu. Soprano na alto wasiachane zaidi ya oktava, alto na tenori vilevile, ila besi anaweza kukaa mbali chini. Na wasivukane. Hapa solfa, ambayo naipenda na nimeitumia maisha yangu yote, ina hatari yake.

Mbegu ya solfa ni ya zamani sana: mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini akapata majina ya nota. Hii tunayoandika sisi kwa herufi ilitoka Uingereza katika karne ya 19, kwa Sarah Glover na kisha John Curwen aliyeieneza, na wamisionari wakaileta Afrika kwa sababu haikuhitaji karatasi maalumu wala kinanda. Inamfundisha mwimbaji kuhisi kila nota ina uhusiano gani na d, jambo ambalo nota zinazoandikwa kwenye mistari mitano hazifanyi vizuri kama yenyewe. Lakini haikuonyeshi urefu kwa macho. Alama ndogo ya chini au ya juu ikisahaulika, tenori anaweza kuwa juu ya alto nawe usijue. Kwa hiyo baada ya kuandika solfa, hamishia mistari minne tu ya wimbo kwenye nota za mistari mitano. Utaona makosa yako yakiwa yamesimama mbele yako kama picha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia, kwa sababu havikuandikwa kwa lugha yetu. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-SA-nte, m-WO-ko-zi hapana, mwo-KO-zi ndiyo. Maana yake karibu kila neno letu la silabi mbili au zaidi huishia kwenye silabi nyepesi. Tenzi nyingi tulizorithi zilitungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, lugha ambazo mstari huishia mara kwa mara kwenye silabi nzito, na nota ya mwisho ya mstari inaangukia mpigo mzito. Wafasiri walipotia maneno yetu humo, tukapata Mu-NGU na Bwa-NA. Tumezoea tangu utotoni, lakini mtunzi wa leo hana sababu ya kurithi jeraha hilo. Unapotunga wimbo wako mwenyewe kwa Kiswahili, weka silabi ya pili kutoka mwisho kwenye mpigo mzito na uiachie ya mwisho itue polepole kwenye mpigo mwepesi. Wewe umelifanya hilo kwenye "asante" bila kufundishwa, "sa" iko kwenye mpigo wa kwanza, ulio mzito. Sikio lako la lugha ni zuri. Liamini.

Na hapo ndipo harmonia inapotoa zawadi ambayo inaikaa lugha yetu kama nguo iliyopimwa. Kuna mbinu ya kuchelewesha nota: mwimbaji anashikilia nota ya kordi iliyopita wakati wenzake wamekwisha kuhamia kordi mpya, inagongana nao kwenye mpigo mzito, halafu inashuka hatua moja na kutulia kwenye mpigo mwepesi. Kuna masharti matatu: iwe ilikuwepo kabla, igongane penye uzito, itulie kwa kushuka. Uzito kisha wepesi, mkazo kisha kutua. Ndivyo neno la Kiswahili linavyoisha. Rudi kwenye "asante" yako. Tenori alikuwa kwenye d. Wengine wakihamia kordi ya s kwenye "sa", mwache abaki na d kwa nusu ya kwanza ya silabi, igongane na s na r, ndipo ashuke t katika nusu ya pili, kisha d kwenye "nte". Neno la shukrani linapata uchungu mdogo kabla ya kutulia, kama mtu anayeshukuru baada ya kupita tabu.

Kuhusu vituo, ambavyo vitabu huviita kadensi, wewe kama msomaji wa mashairi una msingi tayari. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Kina cha kati hakimalizi maneno, kinampa msomaji pumzi. Kituo cha nusu katika muziki ni hivyohivyo: mstari unasimama kwenye kordi ya s, hewani, ukisubiri. Kituo kamili, s kwenda d, ni kina cha mwisho. Kituo cha Amina ni f kwenda d, laini zaidi, hakina t ndani yake. Na kuna cha hadaa: unaandaa kordi ya s, kila mtu anasubiri d, wewe unakwenda l. Hicho kitumie mara moja katika wimbo, kabla ya mwisho halisi, vinginevyo hakuna atakayekuamini tena. Katika kiitikio chako mistari yote minne inaishia d kwa kituo kamili. Ni kama shairi lenye nukta kila baada ya mizani nane. Mstari wa kwanza na wa tatu uzipe kituo cha nusu, utashangaa jinsi wimbo utakavyoanza kutembea.

Utunzi wenyewe siwezi kuumaliza kwa jibu moja, lakini nitasema hili kuhusu sauti yako ya kwanza. Una mawazo mengi mno. Mstari wa kwanza una wazo zuri la nota nne, s l s m, kisha hulirudii tena mpaka mwisho. Msikilizaji hulipenda analolitambua. Chukua wazo hilo, lirudie kuanzia nota nyingine, ligeuze liwe f s f r, lirefushe, likate nusu, halafu lirudishe lilivyokuwa. Nota ya juu kabisa ya wimbo iguse mara moja tu, mahali ambapo maneno yanaistahili. Sasa hivi d ya juu inatokea mara sita, na kwa kuwa d yako ni G hilo linawachosha soprano wa kawaida bila sababu. Ukishaweza hayo, jaribu kuhama nyumba katikati ya mashairi: ifanye f kuwa fe, nusu toni juu, na ghafla s inapata t yake yenyewe na kuanza kusikika kama d mpya. Kisha rudisha f ya kawaida na umerudi nyumbani. Lakini hilo lisubiri miezi kadhaa.

Chuo hakihitajiki ili uanze. Mtunzi mashuhuri Joseph Haydn, akiwa kijana maskini mjini Vienna, alijisomea mwenyewe kitabu cha mazoezi cha Johann Joseph Fux kilichochapishwa mwaka 1725, na mazoezi yake ya mwanzo ni haya: chukua wimbo mfupi wa nota ndefu, andika sauti moja tu juu yake au chini yake, nota moja kwa nota moja. Sauti mbili tu. Tafuta mwendo wa kinyume kila unapoweza, epuka tano na oktava sambamba, na uimbe ulichoandika. Fanya hivyo kwa tenzi unazozifahamu mpaka mkono uzoee.

Kisha nenda kwa mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Alipokufa mwaka 1750 aliacha mamia ya tenzi za Kilutheri alizoziwekea sauti nne, na mkusanyo uliochapishwa kati ya 1784 na 1787 una takriban 370. Sauti za kwanza nyingi si zake, zilikuwa nyimbo za waumini tayari, alichofanya ni kuzivisha. Hakimiliki yake imekwisha zamani, nota zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Nakili soprano na besi ya utenzi mmoja kwa mkono, funika zilizobaki, andika alto na tenori wako, halafu ufunue. Usijipe alama. Uliza tu kwa nini yeye aliimbisha tenori pale ulipoacha anyamae kwenye nota moja. Mimi nilifanya hivi kwa utenzi mmoja kila Jumamosi kwa takriban miaka miwili, na hakuna semina iliyonifundisha zaidi.

Mwisho wa wimbo wako umeandika "Amina" kwa kordi tatu, f, s, d, kwa haraka, kama uliyetaka kumaliza karatasi. Mpe nafasi. "A" kwenye kordi ya f, "mi" na "na" kwenye kordi ya d, "mi" ikiwa kwenye mpigo mzito na urefu mara mbili:

Soprano: l – s – s
Alto: f – f – m
Tenori: d – d – d
Besi: f – d – d

Hiyo d ya besi hapo ni ya chini, G iliyo kwenye mstari wa chini kabisa wa mistari yake mitano, isiyowasumbua besi wengi. Tenori hasogei kabisa. Alto ndiye anayebeba kila kitu: anashikilia f wenzake wakiwa wamekwisha kufika nyumbani, kisha kwenye silabi ya mwisho anashuka nusu toni. Waambie alto waivute hiyo f bila kuongeza nguvu, na wasiharakishe m.